Seva ya hifadhidata imegoma: kutafuta chanzo kuanzia kwenye dalili

Seva ya hifadhidata ikiacha kujibu, mkono hukimbilia kuizima na kuiwasha. Nakuomba uuzuie huo mkono kwa dakika tano tu. Ukiwasha upya unafuta orodha ya waliounganishwa, hoja (maombi ya kusoma au kubadilisha data) zilizokuwa zikiendelea, na jina la aliyeshika kufuli (haki ya kutumia data fulani peke yake) ambalo wengine wote wanalisubiri. Yaani unafuta jibu. Chanzo kikiwa bado kipo, baada ya nusu saa utarudi palepale, na safari hii huna ushahidi.

Jambo la pili: usitangaze "tumeshambuliwa" kabla ya kuangalia. Katika matukio niliyoitwa kuyashughulikia, mara nyingi aliyeinyima seva pumzi alikuwa programu ya wenyewe. Hata hivyo mshambuliaji na ajali hupita mlango mmoja, nao ni rasilimali iliyoachwa bila kikomo: miunganisho, muda wa hoja, RAM, diski. Ndiyo maana uchunguzi unaanza vilevile kwa wote wawili, na tiba nyingi zinawazuia wote wawili.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi matokeo ya amri hizi kwenye mashine nyingine, si kwenye diski ya seva yenye tatizo.

PostgreSQL, MySQL na MariaDB ni programu za hifadhidata; tumia amri za ile uliyo nayo. Kwa PostgreSQL:

SELECT pid, usename, client_addr, state, wait_event_type, xact_start, query FROM pg_stat_activity;

Kwa MySQL na MariaDB:

SHOW FULL PROCESSLIST;
SHOW ENGINE INNODB STATUS\G

Kwenye Linux yenyewe: dmesg -T, df -h, df -i, free -m na ss -s. Zote zinasoma tu, hazibadilishi kitu.

Dalili ya 1: Inakataa miunganisho mipya

MySQL hutoa kosa namba 1040, PostgreSQL hutoa msimbo 53300. Maana yake ni moja: nafasi zimejaa. Bila kubadilishwa, MySQL ina nafasi 151 na PostgreSQL ina 100.

Chanzo kinachoongoza ni programu inayofungua muunganisho na kusahau kuufunga. Hesabu miunganisho kwa anwani na kwa hali:

SELECT client_addr, usename, state, count(*) FROM pg_stat_activity GROUP BY 1,2,3 ORDER BY 4 DESC;

Ukiona makumi ya miunganisho ya hali ya idle, yaani iliyokaa bila kazi (kwenye MySQL ni Sleep), kutoka kwenye anwani ya programu yako, umeshampata. Na hawaondoki upesi, kwa sababu wait_timeout ya MySQL ni sekunde 28800. Ni saa nane, siku nzima ya kazi, muunganisho umekaa bila kufanya lolote. PostgreSQL nayo ina idle_session_timeout tangu toleo la 14, lakini imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe.

Chanzo cha pili ni hesabu ambayo hakuna aliyeifanya. Nakala nane za programu, kila moja ikiruhusiwa miunganisho 20, zinadai 160. Nafasi ni 151. Siku ya kawaida hakuna anayegundua. Siku wateja wakija kwa wingi, nakala zote zinadai haki yao kwa wakati mmoja.

Chanzo cha tatu ni hoja zilizokuwa nzito. Kila mtu anakawia kutoka, foleni inarefuka mpaka mlangoni. Kama miunganisho mingi iko active (inafanya kazi) badala ya idle, ruka uende dalili ya 2.

Cha mwisho ni wageni, na hapa watu wengi hudanganyika. Wanadhani asiye na nywila hawezi kuwadhuru. PostgreSQL humfungulia kila anayebisha hodi mchakato wake kabla ya kukagua nywila, na humpa dakika nzima (authentication_timeout) ya kujitambulisha. Hata mstari wa kumkataa ulio kwenye pg_hba.conf, faili la kanuni za nani aingie, unasomwa baada ya mchakato huo kuzaliwa. Kwa hiyo anayefungua miunganisho na kunyamaza anaweza kukumaliza bila kujua nywila hata moja. MySQL husubiri sekunde 10, na wageni wa namna hii huonekana kwenye orodha kama "unauthenticated user". Lakini usiwahukumu papo hapo: jina hilohilo huonekana pia pale seva inapohangaika kutafuta jina la mashine kwa DNS (huduma ya majina ya mtandao) inayosuasua. Ukiwasha skip_name_resolve, hilo linaisha, ila hakikisha kwanza kwamba akaunti zako zimeandikwa kwa anwani za IP. Zilizoandikwa kwa jina la mashine zitafungiwa nje.

Tiba ya wageni iko nje ya hifadhidata: ukuta wa moto unaoruhusu poti 5432 au 3306 kwa anwani za programu zako tu. Hifadhidata isiyoonekana kwenye intaneti imeepushwa na sehemu kubwa ya yanayofuata humu.

Tiba ya vyanzo vingine: weka programu ya kugawana miunganisho, kama PgBouncer au ProxySQL, na uipe kila akaunti kikomo chake:

ALTER ROLE programu CONNECTION LIMIT 60;
ALTER USER 'programu'@'10.0.0.%' WITH MAX_USER_CONNECTIONS 60;

Ya kwanza ni ya PostgreSQL, ya pili ya MySQL. Kuongeza max_connections peke yake sikushauri. Kila muunganisho unakula RAM, na utakuwa umeihamisha shida kutoka dalili ya 1 kwenda dalili ya 3, ambayo ni mbaya zaidi.

Na hili naliomba kwa msisitizo: programu isiingie kwa akaunti ya msimamizi mkuu. PostgreSQL huweka akiba ya nafasi 3 kwa ajili ya msimamizi, na MySQL huweka moja juu ya 151, ili siku kama hii upate pa kuingilia. Programu ikitumia akaunti hiyo, inakula na akiba yako, nawe unabaki nje ya nyumba yako mwenyewe. MySQL tangu 8.0.14 inakuruhusu pia kuweka admin_address, mlango wa pembeni wa msimamizi kwenye poti 33062. Uweke leo, kwa sababu ukishafungiwa nje utakuwa umechelewa.

Kosa la 1129 linafanana na haya lakini si lile lile. Hapo MySQL imeifungia anwani moja baada ya miunganisho 100 mfululizo iliyokatika kabla ya salamu kukamilika. Mara nyingi mkosaji ni kifaa cha kugawa mzigo kinachogusa poti kila sekunde chache kuona kama seva iko hai, kisha kinakata. Futa rekodi kwa TRUNCATE TABLE performance_schema.host_cache, halafu urekebishe ukaguzi wenyewe.

Dalili ya 2: Inapokea miunganisho, lakini kila kitu kimeganda

Angalia prosesa kabla ya kitu kingine. Hapa njia inagawanyika mara mbili.

Prosesa imetulia na watu wanasubiri: hilo ni kufuli. Kisa chake karibu kila mara ni kimoja. Mtu alifungua muamala (kundi la hoja linalokamilika au kufutwa kwa pamoja), akasoma jedwali, akaenda zake bila kuufunga. Baadaye mwingine akaleta ALTER TABLE kwenye jedwali hilo. ALTER inataka jedwali peke yake, kwa hiyo inamsubiri wa kwanza. Na kila anayekuja baada ya ALTER, hata wa kusoma tu, anapanga foleni nyuma yake. Hoja mbili zisizo na hatia zimesimamisha mfumo mzima, na mwenye muamala wa kwanza huenda yuko kwenye chakula.

Kwenye PostgreSQL muulize nani anamzuia nani:

SELECT pid, pg_blocking_pids(pid), query FROM pg_stat_activity WHERE cardinality(pg_blocking_pids(pid)) > 0;

Kwenye MySQL tazama sys.schema_table_lock_waits na sys.innodb_lock_waits. Jambo linalowashangaza wengi: muda wa kusubiri kufuli la mstari, innodb_lock_wait_timeout, ni sekunde 50, lakini lock_wait_timeout, inayohusu jedwali lenyewe, ni sekunde 31536000. Ni mwaka mzima. Usikae ukitumaini ALTER itachoka yenyewe.

Ondoa ALTER kwanza. Foleni itayeyuka na watumiaji watapumua wakati unamtafuta wa mwanzo. Anza kwa upole: pg_cancel_backend au KILL QUERY. Ikishindikana ndipo pg_terminate_backend au KILL. Usitumie kill -9 kutoka kwenye Linux. PostgreSQL ikiona mchakato wake mmoja umeuawa hivyo, haiwezi tena kuiamini kumbukumbu wanayoshirikiana, kwa hiyo inawaondoa wote na kuanza upya. Utakuwa umejinyima huduma kwa mkono wako.

Ili isijirudie, weka idle_in_transaction_session_timeout, inayomkata aliyeacha muamala wazi, na kila ALTER itanguliwe na SET lock_timeout = '5s'; ikishindwa, jaribu tena baadaye.

Prosesa imejaa: hiyo ni hoja nzito. Panga orodha kwa waliokaa muda mrefu zaidi na usome hoja zao. Wanaojirudia ni kisanduku cha kutafuta kinachotuma LIKE '%neno%', ambacho indeksi (faharasa ya jedwali) ya kawaida haiwezi kukisaidia. Ripoti isiyo na kikomo cha mistari. Mtumiaji anayeruhusiwa kuandika ruwaza yake mwenyewe ya kulinganisha maandishi. Na jedwali lililokua mpaka hoja iliyokuwa nyepesi mwaka jana sasa inalisoma lote. Kwa mtu mwenye nia mbaya, hivi vyote ni silaha: ombi dogo kutoka kwake, kazi kubwa kwako.

Sasa angalia kikomo cha muda. Kwenye PostgreSQL statement_timeout ni 0 mpaka uibadilishe, na 0 maana yake ni milele. Ipe akaunti ya programu kikomo chake:

ALTER ROLE programu SET statement_timeout = '15s';

Nimeiweka kwenye akaunti na si kwenye seva nzima kwa makusudi. Vinginevyo ujenzi wa indeksi kubwa usiku utakatwa katikati. MySQL ina max_execution_time, inayohesabu milisekunde na kugusa SELECT tu. MariaDB ina max_statement_time, inayohesabu sekunde. Ukinakili namba kutoka huku kwenda kule bila kubadilisha, 15000 inakuwa zaidi ya saa nne.

Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye RAM, ina kisa chake: hutekeleza amri moja baada ya nyingine, kwa hiyo KEYS * moja kwenye data nyingi inawasimamisha wote. Tumia SCAN, na uwanyime watumiaji wa kawaida ruhusa ya KEYS.

Simama hapa: ukikuta pg_sleep, SLEEP( au BENCHMARK( ndani ya hoja zinazotoka kwenye programu yako, na hakuna mwenzako aliyeziandika, tatizo si kasi. Kuna mtu anapenyeza maneno yake kwenye hoja zako na anapima kama yamefika. Anayeweza kuilaza hifadhidata kwa njia hiyo anaweza pia kuisoma. Hifadhi logi (rekodi za matukio ya seva), ita wa usalama, na usiendelee kurekebisha peke yako.

Dalili ya 3: Inakufa na kufufuka yenyewe

Dalili hii ndiyo yenye mengi, na ndiyo inayohusu mianya ya usalama hasa. Fungua logi ya seva utafute namba ya ishara iliyoiua. Namba hiyo inakata nusu ya ubishi.

Ishara 9: imeuawa kutoka nje, kwa kawaida na kerneli (kiini) ya Linux baada ya RAM kuisha. Thibitisha kwa dmesg. Chanzo cha kawaida ni hesabu mbaya. work_mem ya PostgreSQL ni MB 4 na watu huiongeza wakidhani ni ya kila muunganisho. Sivyo: ni ya kila hatua ya kupanga au kuunganisha majedwali ndani ya hoja. Ukiweka MB 256, hoja yenye hatua nne inaweza kudai GB 1, na watu thelathini wakiiendesha pamoja seva haina pa kwenda. Punguza, kisha weka vm.overcommit_memory=2 ili hoja moja ikataliwe ombi lake badala ya seva nzima kuuawa.

Ishara 6: imejiua yenyewe baada ya kuona jambo lisilotakiwa kutokea. InnoDB, kwa mfano, hujizima ikisubiri kufuli lake la ndani kupita sekunde 600. Mara nyingi diski ndiyo iliyokwama; ikague kabla ya kuilaumu programu.

Ishara 11: imegusa kumbukumbu isiyo yake. Hii ni kasoro ndani ya programu. Mshuku wa kwanza ni kiendelezi ulichoongeza, wa pili ni kasoro ya seva yenyewe, wa tatu ni RAM mbovu. Ukiona hoja ileile kila inapokufa (PostgreSQL huiandika chini ya taarifa ya kifo, MySQL nayo hujaribu kuiandika), basi ni kasoro inayoweza kurudiwa. Na kasoro inayoweza kurudiwa na mtu wa kawaida ni udhaifu wa kunyima huduma, hata kama leo imeguswa kwa bahati mbaya.

Uliza toleo kwa SELECT version(). Kisha ulinganishe na orodha za mianya za watengenezaji. PostgreSQL hutoa matoleo madogo yaliyopangwa Februari, Mei, Agosti na Novemba. Oracle hutoa ya MySQL Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Unaposoma orodha hizo usitishwe na wingi wa mistari. Tafuta majibu ya maswali mawili: je, mshambuliaji anahitaji akaunti? Na je, anafika kwa mtandao? Mianya mingi ya MySQL ya kuangusha seva inahitaji akaunti yenye ruhusa kubwa. Hiyo haipaswi kukupa usingizi. Inapaswa kukufanya uipunguzie ruhusa akaunti ya programu.

Isiyohitaji akaunti ndiyo ya kukuamsha usiku. Mfano ni CVE-2013-1899 ya PostgreSQL (CVE ni namba ya utambulisho wa mwanya), iliyozibwa Aprili 2013: aliyeweza kufikia poti tu, kwa kuomba hifadhidata ambayo jina lake linaanza na alama ya kistari, aliweza kuharibu mafaili ya seva. Mwingine ni CVE-2025-21605 ya Redis: mteja ambaye hajajitambulisha aliweza kuyajaza majibu kwenye RAM mpaka iishe, kwa sababu kikomo cha majibu kwa wateja wa kawaida hakikuwekwa. Katika yote mawili, ukuta wa moto ulikuwa unatosha kumzuia mgeni hata kabla ya kiraka, yaani sasisho linaloziba mwanya.

Kuhusu viraka, kumbuka Slammer. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo huu wa baiti 376 uliingia kwenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, kupitia poti ya UDP 1434, na ndani ya dakika kumi ulikuwa umezipata seva nyingi zilizokuwa wazi. Mtandao wa dunia ulilemewa na trafiki yake. Kiraka kilikuwa kimetoka Julai 2002. Miezi sita ilipita kikiwa kinapatikana bure.

Usithibitishe kwa kuirudia hoja inayoua kwenye seva ya kazi. Jenga seva ya pembeni yenye toleo lilelile, ijaribu huko. Ikikubali kufa, waandikie watengenezaji kwa njia yao ya siri ya usalama, usiibandike hadharani. Na faili la kumbukumbu lililotemwa wakati wa kufa usimpe mtu ovyo, ndani yake mna data za watumiaji.

Simama hapa: logi ikitaja kurasa zilizoharibika au hesabu za ukaguzi zisizolingana, acha. Zima seva, nakili saraka yote ya data mahali pengine, kisha ita mtaalamu. pg_resetwal, na innodb_force_recovery kuanzia 4, zinaweza kuharibu data isirudi tena. Nimeona watu wakizikimbilia kwa hofu na kupoteza kilichokuwa bado kinaokoleka.

Dalili ya 4: Diski imejaa

PostgreSQL hutoa msimbo 53100. Mkosaji mkubwa ni saraka ya pg_wal, yenye rekodi za mabadiliko ya data, iliyovimba kwa sababu ya nafasi ya replika (seva nakala inayoifuata seva kuu) iliyoachwa: replika ilizimwa miezi iliyopita, lakini seva kuu bado inaitunzia rekodi hizo. Tazama pg_replication_slots, thibitisha kuwa kweli haitumiki, kisha iondoe kwa pg_drop_replication_slot. Kuanzia toleo la 13 weka max_slot_wal_keep_size. Kwenye MySQL 8.0 ni logi za binari, ambazo hukaa siku 30. Zipunguze kwa PURGE BINARY LOGS. Kinachofuata ni mafaili ya muda ya hoja nzito, ambayo PostgreSQL huyapa kikomo kwa temp_file_limit. df -h ikionyesha nafasi ipo na bado inakataa, soma df -i: huenda idadi ya mafaili ndiyo iliyofika kikomo.

Kamwe usifute kwa rm ndani ya pg_wal. Hizo si logi za kusoma. Ndizo zinazoirudisha hifadhidata baada ya kuanguka.

Dalili ya 5: Inasoma, lakini haikubali kuandika

Kwenye PostgreSQL ambayo diski yake ina nafasi, huenda namba za miamala zimekaribia kuisha. Ni za biti 32 na hutumika tena baada ya VACUUM, amri ya usafishaji, kusafisha nyuma. Seva huanza kuonya kwenye logi kabla ya kufika huko. Dalili ya mvua ni mawingu, ila lazima kuwe na anayetazama juu. Tafuta kinachozuia usafishaji: muamala wa siku nyingi, muamala uliosahaulika kwenye pg_prepared_xacts, au nafasi ya replika kama ya hapo juu. Kiondoe, kisha endesha VACUUM seva ikiwa imewaka.

Dalili ya 6: Mtandao umejaa, hifadhidata imetulia

Hapo mafuriko yameishia mlangoni, na hakuna mpangilio wa hifadhidata utakaokusaidia. Mpigie anayekupa mtandao. Yeye ndiye anayeweza kuyazuia juu zaidi. Lakini angalia mwelekeo wa trafiki. Ikiwa ni inayotoka, seva yako huenda inatumiwa kuwapiga wengine, kama Memcached (seva za kuhifadhi data kwa muda kwenye RAM) zilizoachwa wazi kwenye UDP 11211 zilivyotumiwa dhidi ya GitHub Februari 2018, kwa trafiki iliyofikia terabiti 1.35 kwa sekunde. Funga poti hiyo sasa hivi.

Ukilazimika kuita mtaalamu kwa dalili yoyote, mpe yale matokeo uliyohifadhi mwanzoni, logi kuanzia saa moja kabla ya tukio, namba kamili ya toleo, na orodha ya kila ulichobadilisha tangu hapo pamoja na saa yake, hata kile unachoona aibu kukitaja.